Ombi ni la Mwajiri, Miaka ni Yako: Kisa cha Mhandisi wa Makorora

Hapa Tanga mtu akisikia kijana fulani ana kazi nzuri Marekani, huchukulia kwamba makaratasi yake yameshakaa sawa. Kazi anayo, mshahara anapata, kodi anakatwa. Kwa nini asipewe ukaazi? Mdogo wangu aliulizwa hivyo miaka nenda rudi, na muulizaji mkuu alikuwa mama. Hakuwa na jibu la kumaliza kwenye simu. Nakiandika kisa chake kwa ruhusa yake, kwa sababu naona vijana wetu wa uhandisi, uuguzi na kompyuta wanaingia njia ile ile bila kujua imejengwaje.

Mimi ni mtu wa utumishi. Nafanya kazi katika kiwanda kimoja cha hapa Tanga, na miongoni mwa kazi zangu ni kuandaa maombi ya vibali vya kazi vya wageni. Kwa hiyo haya mambo nayajua kutoka upande wa meza ambao mdogo wangu hakuwahi kukaa.

La kwanza la kuelewa ni hili. Kwa njia ya kawaida ya ajira, anayeomba ukaazi wa kudumu wa Marekani si mfanyakazi. Wapo wanaoruhusiwa kujiombea wenyewe, kama wenye vipaji vya juu kabisa au wale ambao kazi yao inahesabiwa kuwa na maslahi kwa taifa lile. Waliobaki wote, mwombaji ni mwajiri. Mwajiri ndiye anayelipa wakili, ndiye anayesaini, ndiye anayeweza kuliondoa ombi. Mfanyakazi ni mtu anayetajwa ndani ya faili ambalo si lake.

La pili ni saa. Viza ya kazi ya H-1B hutolewa kwa miaka mitatu na huongezwa mitatu mingine. Sita, basi. Kuna mlango wa kuvuka sita, nao una sharti: ombi la kwanza la Idara ya Kazi, au ombi linalofuata la uhamiaji, liwe limepelekwa siku 365 kabla ya hiyo sita kwisha. Kwa maneno mengine, mwajiri anayetaka kukusaidia ana miaka mitano, hana sita. Mdogo wangu hakulijua hili mpaka mwaka wake wa nne.

Alizaliwa Makorora, akasoma shule za hapa hapa mjini, akapata shahada ya umeme Dar es Salaam, akarudi Tanga na kufanya kazi katika kiwanda kingine cha hapa kuanzia 2010 hadi 2013. Mwaka huo akaenda Texas kusoma shahada ya pili. Alipohitimu 2015 alipata kazi Houston, katika kampuni ya mifumo ya udhibiti wa mitambo ya mafuta na gesi, kwa kutumia ruhusa ya muda wanayopewa wanafunzi waliohitimu. Ili abaki, kampuni ilipaswa kumwombea H-1B, na hiyo ilikuwa bahati nasibu: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada ya pili au zaidi za vyuo vya Marekani. Aprili 2016 yalipelekwa maombi zaidi ya 236,000. Lake halikuchaguliwa. Aprili 2017 yalikuwa 199,000, akachaguliwa, na saa yake ikaanza kugonga tarehe 1 Oktoba 2017.

Sasa hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo palipoharibika, na wakati huo hakuna aliyeona kitu kimeharibika.

Alipomuuliza meneja wake kuhusu ukaazi, aliambiwa asubiri amalize mwaka kwanza. Ulipokwisha akaambiwa bajeti ya mwaka ule imefungwa. Hakuuliza tena. Nilipomhoji baadaye kwa nini, aliniambia, "Dada, niliona wameshanisaidia sana, sikutaka waone nawabana." Namwelewa. Tumelelewa hivyo: ukishapewa, unashukuru na unangoja. Lakini nafanya kazi katika ofisi ya utumishi na naweza kusema kwa uhakika kwamba mtu asiyeuliza hawekwi kwenye ratiba. Si kwa chuki. Mezani kuna mafaili ya wanaouliza, na hayo ndiyo yanayofanyiwa kazi.

Kampuni ilianza utaratibu katikati ya 2019, karibu miaka miwili tangu saa ianze. Hatua ya kwanza inaitwa PERM, na imekuwapo katika sura yake ya sasa tangu Machi 2005. Mwajiri anaiomba Idara ya Kazi itamke mshahara wa haki kwa kazi ile katika eneo lile. Jibu likija, analazimika kuitangaza kazi hiyo kana kwamba iko wazi: magazetini Jumapili mbili, kwenye mfumo wa ajira wa jimbo kwa siku 30, na kwa kazi za kitaalamu njia tatu zaidi. Akijitokeza Mmarekani au mkaazi mwenye sifa na yuko tayari kuifanya, ombi linakwama. Tangazo jingine hubandikwa mahali pa kazi kwa siku kumi za kazi.

Hilo la kubandikwa alinisimulia mara nyingi. Liliwekwa kwenye ubao wa chumba cha chai, juu ya mashine ya kahawa. Cheo chake, majukumu yake, mshahara wake hadi dola ya mwisho, na maelezo kwamba yeyote mwenye taarifa zinazohusu ombi hilo anaweza kuziwasilisha kwa ofisa wa serikali. Jina lake halikuwepo, lakini katika idara ya watu wachache nani asiyejua? Mwenzake mmoja alisimama pale na kikombe, akasoma hadi mwisho, akamgeukia akamwuliza kama anaacha kazi. Kwa muda wote huo alitakiwa afanye kazi kama kawaida na asiguse kabisa usaili wa waombaji.

Matangazo yalikwisha Februari 2020. Sheria inataka zipite angalau siku 30 baada ya hapo ndipo ombi lipelekwe, na wakili alipanga Aprili. Aprili hiyo ndiyo iliyokuja na korona, na tarehe 20 bei ya mafuta ghafi ya Marekani ikaporomoka chini ya sifuri kwa mara ya kwanza katika historia. Houston ni mji wa mafuta. Kampuni ikapunguza watu, wahandisi wakiwemo. Yeye alibaki, na tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwajiri aliyepunguza watu wa fani ile ile katika eneo lile lile ndani ya miezi sita lazima awajulishe waliopunguzwa na awafikirie kwanza kwa nafasi anayoiombea mgeni. Wakili akashauri kusimamisha. Faili likafungwa kabla halijapelekwa popote.

Msomaji aone ukubwa wa hasara hiyo. Kinachompa mtu nafasi kwenye foleni ya ukaazi ni siku ombi la PERM lilipopokelewa Idara ya Kazi. Mwaka mzima wa maandalizi usiofika pale hauhesabiwi. Lingekuwa limepelekwa, na ombi la pili la uhamiaji, lile la fomu I-140, likakubaliwa, tarehe yake ya foleni ingebaki yake hata akihamia kampuni nyingine. Hakuwa na chochote cha kuondoka nacho. Kama kampuni ingeanza 2018, ombi lingekuwa limefika kabla ya korona. Silaumu korona kwa jambo lililoahirishwa mara mbili kwa sababu ya bajeti.

Novemba ya mwaka huo baba yetu alifariki. Viza iliyogongwa kwenye pasi ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha. Mtu wa H-1B anaweza kuishi kihalali akiwa na viza iliyokwisha, ila akitoka lazima agongewe nyingine ubalozini ndipo arudi, na balozi za Marekani zilikuwa zimesitisha huduma za kawaida za viza tangu Machi, zikifunguliwa kidogo kidogo. Wakili alimwambia wazi kwamba akitoka hawezi kumhakikishia kurudi, na kazi isingemngoja. Alifuatilia mazishi kwa simu niliyoishika mimi, hadi tulipotoka nyumbani. Makaburini hatukupeleka simu.

Mkewe, ambaye ni muuguzi na aliwahi kufanya kazi hospitalini hapa Tanga, alikuwa Houston kwa viza ya mwenza. Viza hiyo hairuhusu kazi mpaka I-140 ya mume ikubaliwe, au mume awe amevushwa miaka sita. Hilo ombi la kampuni lililokaa kwenye droo lilikuwa limefunga mikono ya watu wawili.

Machi 2021 alihamia kampuni nyingine. Na hapa nilimwambia neno ambalo nilitamani angeambiwa miaka minne nyuma: kabla ya kusaini, andika barua pepe, uliza ni lini wataanza PERM, nani atalipa, na wakili ni nani. Aliogopa kuonekana mroho. Nikamwambia ofisi za utumishi haziogopi swali, zinaogopa kushtukizwa. Kuhusu malipo, jibu liko kwenye sheria: tangu 2007 gharama za PERM, za wakili na za matangazo, ni za mwajiri, na haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Kampuni mpya ilijibu kwamba utaratibu wao ni kuanza baada ya mwaka mmoja wa ajira. Alikokotoa, akaona akisubiri mwaka mmoja haibaki nafasi. Akawaandikia tena na kalenda, akiwaonyesha mwisho wa miaka sita ni 30 Septemba 2023 na kwa hiyo PERM ifike kabla ya 30 Septemba 2022. Walikubali kuanza Novemba 2021. Hiyo kalenda ya ukurasa mmoja ilifanya kazi ambayo heshima ya kimya haikuifanya kwa miaka minne.

Kisha mzigo ukaja Tanga.

Nafasi ile ilitaka shahada ya pili na uzoefu wa miaka miwili. Uzoefu unaohesabiwa ni ule aliokuwa nao kabla ya kuajiriwa na mwajiri huyo. Kwa kawaida wa ndani hauhesabiwi. Kampuni ya kwanza ya Houston ilimpa barua, lakini ilikuwa fupi na ilitaja cheo na tarehe tu, na aliyekuwa meneja wake hakutaka kuandika zaidi bila idhini ya makao makuu. Wakili akataka barua ya kiwanda cha Tanga, 2010 hadi 2013, yenye jina na cheo cha anayeandika, anwani, tarehe za kuanza na kuacha, kama kazi ilikuwa ya kutwa nzima, na majukumu yaliyoelezwa moja moja.

Kiwanda kilikuwa kimebadilisha wamiliki. Ofisini nilipokelewa vizuri, nikapewa nakala ya cheti cha utumishi, kile ambacho sheria yetu ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anapoondoka. Kinasema alikuwa fundi sanifu wa umeme, tangu lini hadi lini. Majukumu hakuna. Niliomba waandike barua, wakasema waliopo sasa hawakumjua na hawawezi kuthibitisha wasichokiona. Kusema kweli ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningejibu vivyo hivyo.

Sheria ya Marekani inaruhusu ushahidi mwingine pale barua inaposhindikana, kama kiapo cha mtu aliyefanya kazi naye. Nikapanda gari kwenda Muheza kwa mzee aliyekuwa msimamizi wake, amestaafu, ana machungwa yake. Nilikwenda na rasimu ya wakili, ambayo ilikuwa inasema "alisanifu mifumo ya udhibiti". Mzee alivaa miwani, akasoma neno kwa neno, akaniambia, "Mwanangu, hakusanifu. Mfumo ulikuja na Wajerumani. Yeye aliufunga, akautafutia hitilafu, na ile paneli ya tanuru alibadilisha nyaya zote na kuchora mchoro mpya kwa sababu wa zamani ulikuwa umeliwa na panya. Andika hivyo nitasaini." Tukakaa barazani tukaandika upya, yeye anataja mashine kwa mashine, mimi naandika. Alikumbuka mpaka ukubwa wa mota. Siku iliyofuata alikuja Tanga mjini kuapa mbele ya wakili na kugongewa muhuri.

Nilihofia kwamba kuondoa neno "sanifu" kungemharibia. Wakili wa Houston alisema kinyume chake: maelezo yenye mota na paneli na mchoro yanaaminika kuliko sentensi za jumla, na uongo mmoja kwenye kiapo ungeweza kumfuata hadi mwisho. Mzee alimlinda mdogo wangu kwa kukataa kumsaidia zaidi ya haki.

Tamko la mshahara lilichelewa. Liliombwa Novemba 2021, likatoka Julai 2022. Matangazo yakaanza mara moja, siku za kusubiri zikahesabiwa, na ombi la PERM likapelekwa katikati ya Oktoba 2022. Nusu mwezi baada ya siku ya mwisho.

Kilichomwokoa ni safari aliyoilaani. Desemba 2018 alikuja Tanga kuoa, na alipokwenda ubalozini Dar kugongewa viza, faili lake likaingizwa kwenye uchunguzi wa ziada. Alikwama nyumbani mpaka mwisho wa Januari 2019, majuma kama saba, mshahara umesimama. Sasa, siku ambazo mwenye H-1B yuko nje ya Marekani hazihesabiwi kwenye miaka sita. Mwajiri akiomba na kuonyesha ushahidi, hurudishwa. Mihuri ya kuingia na kutoka kwenye pasi yake ya zamani ilisogeza mwisho wake kutoka 30 Septemba hadi Novemba 2023, na siku 365 za PERM zikatimia kabla ya hapo. Akapewa mwaka wa saba. Ndiyo maana namwambia kila mtu asitupe pasi iliyokwisha muda.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. PERM ilikubaliwa mwishoni mwa 2023, I-140 ikajibiwa mapema 2024 kwa ada ya haraka. Ikabaki foleni. Ukaazi wa njia ya kazi una nafasi kama 140,000 kwa mwaka, wenza na watoto wakihesabiwa humo humo, na kwa kawaida hakuna nchi inayoruhusiwa kuvuka asilimia 7. Mtanzania yuko kwenye kundi la nchi zilizobaki, zisizo na foleni ya peke yao kama India, ambalo kwa daraja lake, la wenye shahada ya pili, lilikuwa limeanza kuwekewa foleni mwishoni mwa 2022 baada ya miaka ya kupita karibu moja kwa moja, lakini tarehe yake ya Oktoba 2022 ilikuwa imeshafikiwa. Mwenzake wa India, mwenye shahada ile ile na daraja lile lile, alikuwa na I-140 tangu kabla mdogo wangu hajapata H-1B. Bado anangoja. Mahali pa kuzaliwa peke yake ndipo panapowatofautisha, na siwezi kuliita hilo haki hata kama safari hii lilitupendelea sisi.

Kadi yake ya ukaazi na ya mkewe zilifika 2025. Mkewe alikuwa ameshapata ruhusa ya kufanya kazi mwaka uliotangulia na yuko kwenye mitihani ya leseni ya uuguzi ya Texas. Ukaazi huo haumwondolei Utanzania. Angechukua uraia ndipo sheria yetu, isiyoruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ingemgusa, na hilo wanalifikiria kwa nafasi yao.

Nisiwe mwepesi wa kuwahukumu Wamarekani peke yao. Kwa sheria yetu ya 2015 ya ajira za wageni, kibali cha kazi cha mtaalamu ni miezi 24, kinahuishwa, na kwa jumla kina kikomo cha miaka. Mwajiri lazima aonyeshe mpango wa Mtanzania atakayerithi nafasi ile. Wahandisi waliokuja kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani wanajua tangu siku ya kwanza kwamba kazi haitawapa ukaazi wa kudumu hapa. Ni kali, lakini inasemwa mlangoni. Kinachoniuma katika kisa cha mdogo wangu ni kwamba aliahidiwa kitu ambacho kilikuwa na tarehe ya mwisho, na aliyeahidi alijua tarehe hiyo, au wakili wake aliijua, na aliyeahidiwa hakuambiwa. Kampuni ile ya kwanza ilipata miaka mitatu na nusu ya mhandisi asiyeweza kuondoka kirahisi. Sina ushahidi kwamba walipanga hivyo. Matokeo yalikuwa hivyo.

Kiwandani kwetu nimebadilisha jambo moja. Mhandisi au fundi anapoondoka, pamoja na cheti cha utumishi tunampa barua ya majukumu, iliyoandikwa na msimamizi wake angali anamkumbuka: mashine alizoshika, saa kwa wiki, tarehe, na cheo cha anayesaini. Meneja aliuliza kwanza kama sheria inatulazimisha. Nikamjibu kwamba haitulazimishi, nikampa nakala ya kiapo cha yule mzee wa Muheza, na akaidhinisha.